Miguu Iliyobeba Habari Njema: Historia ya Nyayo katika Ufipa na Swali la Kutawadhana

Kila mwaka, Kwaresima inapoelekea kwisha, swali moja hurudi katika mikutano ya wachungaji na katika madarasa yetu: je, usharika wa Kilutheri ufanye ibada ya kutawadhana miguu siku ya Alhamisi Kuu, au usifanye? Vijana wengi wanaitaka. Wameiona kwa jirani zao Wakatoliki, nao katika mji kama Sumbawanga ni majirani wa karibu sana na walio wengi. Wazee wa kanisa husitasita, na wachungaji wengi hujibu kwa kuahirisha. Katika makala haya hatukusudii kutunga kanuni ya liturujia. Tunakusudia kuuliza kwanza jambo ambalo kwa maoni yetu limerukwa: miguu hiyo tunayotaka kuitawadha ni miguu gani? Imepita wapi, imebeba nini, imeumwa na nini? Tunauliza tukiwa tumesimama Katandala, mjini Sumbawanga, kwa sababu uwanda wa juu wa Ufipa una historia ya miguu iliyo ndefu, nayo vitabu vya historia ya Kanisa vimeipita upesi mno.

Hatuna budi kusema neno kwanza juu ya lugha. Kiswahili huita mguu kiungo chote tangu nyonga hadi vidole, na sehemu ile inayokanyaga ardhi huiita wayo au unyayo. Alama inayobaki mchangani nayo ni unyayo. Ndiyo maana mtu aliyekwisha kupita zamani twaweza bado kumfuata nyayo. (Rais Daniel arap Moi alipoingia madarakani nchini Kenya mwaka 1978, alilifanya neno hilo kuwa jina la siasa yake yote.) Lakini watafsiri wa Biblia walipofika Yohana 13 walichagua kitenzi kutawadha, ambacho kila Mwislamu wa pwani anakijua, kwa kuwa ndicho kinachotaja kujitakasa kwa maji kabla ya sala, miguu ikiwemo. Hivyo wasikilizaji wa Injili kwa Kiswahili walisikia neno la usafi wa kumkaribia Mungu, hali Yohana anasimulia kazi ya mtumwa anayemwosha mgeni vumbi la njiani. Maana zote mbili zina haki yake. Sisi hapa tutafuata ile ya pili, yaani vumbi.

Simulizi la asili ya utawala wa Ufipa, kama lilivyoandikwa na mwanaanthropolojia Roy Willis aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1960, linasema kwamba mfalme wa Milanzi alikuwa amekwenda kuwinda wakati wanawake watatu wageni walipofika kutoka mbali. Waliketi juu ya kiti cha ufalme, na mfalme aliporudi alikuta nchi imekwisha kupata wenyewe wengine. Kwao ulitokea ukoo wa Watwa (wasichanganywe na Watwa wa misitu ya Kongo), ambao milki yao baadaye iligawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile, na Milanzi ikabaki na heshima ya kikuhani. Willis, katika makala yake ya mwaka 1967, aliueleza uhusiano wa pande hizo mbili kwa mfano wa viungo vya mwili: kichwa na kiuno. Ni maelezo mazuri. Hata hivyo tunashangaa kwamba miguu haikupata nafasi, maana mfalme wa kwanza wa Milanzi husimuliwa kuwa alishuka kutoka mbinguni, lakini wanawake wale walitembea.

Tukitoka katika simulizi na kuingia katika karne ya 19, tunakuta Ufipa ikiwa mojawapo ya njia za misafara. Watu wa uwanda huu walijulikana kwa majembe ya chuma yaliyotoka katika tanuru zao za udongo, zilizofikia kimo cha mita 3 hivi, na kwa nguo za pamba zilizofumwa. Bidhaa hizo hazikuwa na gari wala punda. Mbung'o aliwaua wanyama wa kubeba mizigo katika sehemu nyingi za nchi, na kwa hiyo biashara yote kati ya pwani na maziwa ilikwenda juu ya kichwa na bega la mwanadamu, na mwanadamu huyo alikwenda juu ya nyayo zake. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kwa kawaida frasila mbili au pungufu kidogo, yaani kilo 27 hadi 32, mbali na chakula, chungu na mkeka wake mwenyewe. Waswahili husema mtembezi hula miguu yake, wakimsema mzururaji. Mpagazi alikula kwa miguu yake, na aghalabu miguu yake nayo ililiwa.

Wasomaji wetu wanamkumbuka David Livingstone kwa mambo mengi. Pengine hawakumbuki kwamba mwaka 1870, akiwa Bambarre katika nchi ya Manyema, alikaa ndani ya kibanda kwa siku 80 hivi kwa sababu ya vidonda vya miguu vilivyokataa kupona. Mtu aliyevuka bara zima alizuiwa na nyayo zake mwenyewe. Mwaka 1872 alipita Ufipa kando ya Ziwa Tanganyika akielekea kusini, na tarehe 1 Mei 1873 akafariki katika kijiji cha Chitambo. Ndipo ikatukia safari ambayo sisi tunaiona kuwa kubwa kuliko zake zote. Chuma, Susi na wenzao wapatao 60, wanawake wakiwemo kama vile Halima mpishi, waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakaubeba wakizunguka ncha ya kusini ya ziwa na kupanda uwanda wa Ufipa, kisha Unyanyembe, hadi Bagamoyo walikofika Februari 1874. Walitembea zaidi ya kilomita 1,500 katika muda wa miezi 9 hivi. Mwili ulizikwa Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Miguu iliyoufikisha pwani haikualikwa mazishini, isipokuwa ya Jacob Wainwright, aliyesafiri na jeneza.

Katika miaka ile ile, adui mpya wa miguu alikuwa njiani kutoka upande wa magharibi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell ilifika Ambriz, katika pwani ya Angola, kutoka Brazili, na kuumwaga ufukoni mchanga uliotumika kuipa meli uzito. Ndani ya mchanga huo walikuwamo funza, wale ambao baadhi ya Waswahili huwaita tekenya. Afrika Mashariki haikuwa imewajua. Funza jike hupenya ngozi ya unyayo, hasa pembeni mwa kucha na kisiginoni, huvimba akijaa mayai mpaka akatoshana na punje ya dengu, kisha huyatoa mayai hayo yakadondoka tena katika vumbi la sakafu. Hana mbawa. Mwendo wake ni mwendo wa mtu anayemhifadhi. Alipanda Mto Kongo pamoja na misafara, akafika maziwa makuu, na mwaka 1892 Oscar Baumann aliwakuta watu wa kando ya Ziwa Viktoria wakiteseka vibaya kwa vidonda vyake. Kabla ya karne kwisha alikuwa amefika Unguja. Kwa miaka 25 hivi alivuka bara, nasi twaweza kusema bila kosa kwamba alilivuka kwa miguu ya wapagazi.

Ni vema tutafakari hapa. Ramani ya kuenea kwa funza, ramani ya biashara ya pembe na watumwa, na ramani ya vituo vya misheni katika eneo la maziwa zinafuatana kwa ukaribu unaotisha. Padri, mfanyabiashara na mdudu walitumia njia moja na wapagazi wale wale. Hatusemi hayo kwa kuwadharau wamisionari. Twasema kwamba mwanafunzi anayehubiri kutoka Isaya 52:7 au Warumi 10:15, juu ya uzuri wa miguu ya mleta habari njema, aelewe kwamba katika Ufipa ya mwaka 1890 miguu hiyo ilikuwa mara nyingi na vidole vilivyooza. Na ilikuwa ya mtu ambaye jina lake halimo katika shajara ya safari, bali limeingizwa katika hesabu ya posho.

Mababa Weupe walipokea kituo cha Karema, kando ya ziwa, mwaka 1885, na kutoka huko ndipo Ukatoliki ulipopanda uwandani. Miongoni mwa waliofika huko yumo mmoja ambaye hata sisi Walutheri twapaswa kumfundisha madarasani: Adrien Atiman. Alitekwa akiwa mtoto katika nchi ya Mali ya leo, akapitishwa jangwa la Sahara kama mtumwa, akakombolewa na Mababa Weupe huko Algeria, akasomeshwa utabibu Malta, na mwaka 1889 akawasili Karema. Alitibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Tunapotafuta sura ya mtumishi aliyevaa kitambaa kiunoni na kuinama (Yn. 13:4-5), hatuhitaji kwenda mbali. Wakati huo huo wakubwa wengi wa serikali na wa misheni, walipougua au kuchoka, walibebwa kwa machela mabegani mwa watu wanne. Pande zote mbili ni historia yetu.

Kisha vikaja Vita Kuu ya Kwanza, ambavyo katika kona hii vilikuwa vita vya miguu kuliko vya bunduki. Jeshi la Jenerali Northey lilivuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland mwaka 1916, na tarehe 8 Juni Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, ilitwaliwa. Chakula na risasi zake vilibebwa na tengatenga, mlolongo wa watu waliopokezana mizigo mamia ya maili kutoka reli ya Rhodesia. Katika mapigano yote ya Afrika Mashariki upande wa Waingereza uliwatumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, na waliokufa walihesabiwa rasmi kuwa zaidi ya 95,000, wengi wao kwa magonjwa na njaa. Funza waliwalemaza askari na wapagazi wa pande zote, wengine wakapoteza vidole. Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, watu wake waliteremka hadi Kasanga kwa miguu, wakasafirishwa kwa meli hadi Kigoma. Dar es Salaam ina Kariakoo, jina lililobaki kutoka kambi ya wabeba mizigo, na sanamu ya askari katikati ya mji. Ufipa, iliyokanyagwa, haina kitu.

Tumesema mengi juu ya miguu mitupu. Tuseme kidogo juu ya viatu. Unguja, kabla ya utumwa kukomeshwa kisheria mwaka 1897, mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu, na aliyepata uhuru alijitambulisha kwa kuvivaa. Bara, katika enzi za wakoloni, viatu vilikuwa alama ya karani, mwalimu na mwinjilisti. Hivyo kiatu kiliingia kanisani kikiwa na maana mbili zinazopingana: Musa anaamriwa avue (Kut. 3:5), na Mkristo mpya anaona fahari kuvaa. Nadhani mtu yeyote aliyehudumu uwandani, ambako asubuhi za Juni na Julai baridi huuma kwelikweli, atamhurumia huyo wa pili.

Baada ya uhuru taifa letu lilijaribu kujitengenezea viatu. Kiwanda cha Viatu Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilipangwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa ziuzwe Ulaya. Mitambo iliharibika, vipuri havikupatikana, na jengo lenyewe la kuta za alumini lisilopitisha hewa halikufaa kwa joto la Morogoro. Uzalishaji haukupita asilimia chache za uwezo wake, na mwaka 1990 kiwanda kilifungwa. Nchi yenye ng'ombe wengi namna hii ikaendelea kuvaa ndala za plastiki, mitumba kutoka nchi za nje, na katambuga zilizokatwa kwenye matairi ya magari. Wachumi wamekichunguza sana kiwanda hicho kama mfano wa mipango mibaya. Kwetu sisi ni pia mfano wa kupanga viatu kwa ajili ya miguu ya watu wa mbali. Fundi wa katambuga hakufanya kosa hilo. Kwanza huutazama unyayo ulio mbele yake, akauchora juu ya mpira, ndipo akakata.

Katandala hayo yote huonekana kwa siku moja. Barabara ya lami kutoka Tunduma, iliyokamilika katika muongo wa 2010, imeleta mabasi na malori, na pikipiki zimechukua kazi nyingi ya miguu. Lakini mama anayeleta maharage au ulezi kutoka kijiji cha mbali bado huja akitembea alfajiri, ndala mkononi ili zisichakae, akazivaa afikapo mjini. Wainjilisti wetu wengi nao hufikia mitaa yao kwa miguu.

Na miguu hiyo ina maradhi yake ya leo. Ukoma, ambao Tanzania iliuwekea mpango wa taifa pamoja na kifua kikuu mwaka 1977, umepungua sana kwa sababu ya dawa za mchanganyiko, lakini umeacha watu wenye nyayo zisizo na hisi. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi India kuanzia miaka ya 1940, alionyesha kwamba vidonda vya mkoma havitokani na nyama kuoza yenyewe. Vinatokana na kutosikia maumivu. Mtu hukanyaga msumari akaendelea kutembea. Leo jambo lile lile tunaliona kwa wenye kisukari, nao wanaongezeka hata vijijini. Neva za miguu hufa ganzi, kiatu kinachobana hutoboa ngozi, mtu hajui mpaka harufu imwambie, na mwisho wake mara nyingi ni kukatwa mguu. Mradi wa Hatua kwa Hatua, ulioanza nchini mwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukiongozwa na Daktari Zulfiqarali Abbas, uliwafundisha madaktari na wauguzi jambo ambalo laonekana dogo: kumwomba mgonjwa avue viatu, na kuutazama unyayo wake kila anapokuja. Miguu mingi ilikatwa kwa sababu tu hakuna aliyeitazama mapema.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mapokeo ya Kilutheri juu ya kutawadhana ni makali kuliko vijana wetu wanavyodhani. Luther, katika mahubiri yake ya nyumbani yaliyochapishwa mwaka 1544, aliwakemea maaskofu na wafalme waliowaosha maskini kumi na wawili mara moja kwa mwaka huku wakiwakandamiza siku zote nyingine. Hakuikataa amri ya Bwana. Alikataa maji yasiyofuatwa na kitu. Wafuasi wake walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1718 baraza la kanisa la Dresden liliwahukumu raia kumi na wawili Walutheri wa mji wa Weida kufanya toba hadharani, kwa kosa la kumruhusu Mtawala Moritz Wilhelm awaoshe miguu. Twaona ni hukumu ya ajabu: mtawala hakuguswa, wakatubu wale walioketi! Wamoravian wa Herrnhut waliifufua desturi hiyo, lakini sinodi yao ikaiondoa mwaka 1818. Kwa hiyo walipofika Rungwe mwaka 1891, sambamba na Walutheri wa Misheni ya Berlin, hawakuwa nayo tena. Roma nayo iliiingiza katika misa ya jioni ya Alhamisi Kuu mwaka 1955, na ni mwaka 2016 tu ambapo wanawake waliruhusiwa kuwa miongoni mwa wanaotawadhwa. Anayedhani kwamba Wakatoliki wa Ufipa wameifanya hivi tangu Karema anakosea.

Basi hatuna mapokeo ya kutuzuia kabisa wala ya kutulazimisha. Kwa maoni yetu hofu ya Luther bado ina nguvu, tena hapa kuliko Wittenberg. Katika nchi ambayo miguu ya wengi ilibeba wachache, mchungaji anayechagua wazee kumi na wawili wenye soksi safi, waliooga nyumbani na kupaka mafuta, akamwagia kila mmoja matone matatu huku kwaya ikiimba, anafanya lile lile alilolifanya Moritz Wilhelm. Hilo tusilifanye. Afadhali kuahirisha.

Lakini usharika ukiamua kufanya, na ufanye kama watu wanaojua miguu. Waketi wale ambao nyayo zao hazitazamwi na mtu: mchukuzi wa mizigo sokoni, mama wa maharage, mwinjilisti wa mtaa wa mbali, mzee aliyepona ukoma, mgonjwa wa kisukari. Maji yawe ya uvuguvugu, nayo yapimwe kwa kiwiko cha anayeosha, kwa kuwa unyayo uliokufa ganzi hauwezi kusema kwamba unaungua. Kila mtu amiminiwe maji yake kutoka katika jagi, wasichovye wote katika beseni moja, wala miguu isirowekwe. Mwenye kidonda kilicho wazi asioshwe hapo. Apelekwe kwa muuguzi, na usharika ulipe nauli. Baada ya kuosha, kitambaa kikaushe pia katikati ya vidole, ambako unyevu huzaa kuvu na nyufa. Kisha mchungaji auinue mguu, autazame unyayo chini, kisiginoni na pembeni mwa kucha, na kuuliza umetoka wapi asubuhi hiyo.